Hita katika gari la mashindano: Kilo chache zinazoweza kugharimu injini

Na MWANDISHI WETU

KATIKA gereji za wazi zilizo kandokando ya Barabara ya Kangundo na ile ya Spine mtaani Kayole, jijini Nairobi, si ajabu kulikuta gari dogo la Kijapani limeng'olewa viti vya nyuma, zulia na dashibodi. Mara nyingi mwenye gari ni kijana anayelitumia kwenda kazini siku za wiki, na ambaye Jumapili angependa kulipeleka Jamhuri Park au Whistling Morans, Athi River, kushindana na saa.

Mafundi wa gereji hizo huulizwa swali moja mara kwa mara: Je, hita iondolewe pia ili gari liwe jepesi? Wengi hujibu kwamba Nairobi haina baridi ya kumfanya mtu ahitaji hita, na hivyo kifaa hicho ni mzigo usio na faida.

Jibu hilo ni sahihi kwa nusu tu. Ni kweli kwamba dereva wa Nairobi anaweza kuishi miaka mingi bila kuhitaji joto la hita. Hata hivyo, hita ya gari ina kazi nne, na kumpa abiria joto ndiyo kazi ndogo kuliko zote katika nchi yetu. Makala haya yanaeleza hita ni nini, ina uzito gani, inaondolewaje bila kuiharibu injini, na ni gari la aina gani linalostahili kuondolewa kifaa hicho.

HITA NI NINI?

Injini ya petroli hubadilisha sehemu ndogo tu ya nishati ya mafuta kuwa mwendo. Sehemu kubwa hupotea kama joto, na joto hilo hubebwa na moshi wa ekzosi pamoja na maji yanayozunguka ndani ya injini. Hita huyatumia maji hayo. Kwa hakika ni rejeta ndogo, yenye ukubwa unaokaribia ule wa kitabu kinene, iliyofichwa ndani ya sanduku la plastiki nyuma ya dashibodi.

Mipira miwili hupita katika ukuta wa chuma unaoitenga injini na chumba cha abiria. Mmoja huleta maji ya moto kutoka kichwa cha injini, na mwingine huyarudisha kwenye pampu ya maji. Feni ya umeme huipuliza hewa ipite katikati ya rejeta hiyo, kisha hewa yenye joto husambazwa kwa njia za plastiki hadi miguuni, kifuani na kwenye kioo cha mbele.

Katika magari mengi maji hayo huzunguka wakati wote, hata swichi ya hita ikiwa imezimwa. Kinachobadilika ni kibamba cha ndani ya sanduku, ambacho huielekeza hewa ipite kwenye rejeta au iiepuke. Magari mengine yana vali inayoyafunga maji yenyewe.

Kwa kuwa joto hilo lingepotea hata hivyo, hita haiongezi matumizi ya mafuta kwa kiasi cha kutajika. Kinachotumia nishati ni feni peke yake, ambayo huchukua umeme wa takriban wati 150 hadi 200 ikizungushwa kwa kasi ya juu. Kwa hiyo kumwambia mtu kwamba hita iliyozimwa inapunguza nguvu za injini ni kumpotosha. Hasara yake katika mashindano ni uzito tu.

UZITO WAKE NI KIASI GANI?

Katika gari dogo au la wastani, rejeta ya hita, sanduku lake, feni, njia za hewa, nyaya za kuiongoza, mipira na maji yaliyomo huwa na uzito wa kilo 5 hadi 10 kwa jumla. Magari ya zamani yenye rejeta za shaba na mabamba ya chuma huwa na uzito mkubwa zaidi kuliko ya sasa yenye alumini na plastiki.

Tuchukue mfano wa gari lenye uzito wa kilo 1,050 pamoja na dereva na mafuta. Hita ya kilo 7 ikiondolewa, gari hilo litakuwa limepungua kwa chini ya asilimia moja. Kama lilikuwa likifikia kasi ya kilomita 100 kwa saa katika sekunde 10, sasa litaifikia mapema kwa takriban sehemu saba za mia moja za sekunde.

Muda huo si wa kudharauliwa pale ambapo washindani wawili wanatenganishwa na sehemu za kumi za sekunde. Lakini ni vyema kuulinganisha na njia nyingine za kuupata. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu za kilo. Dereva anayefika kwenye mstari wa kuanzia na lita 10 za ziada ambazo hatazitumia amebeba uzito ule ule wa hita, na kuupunguza hakumgharimu hata spana moja.

Tairi la akiba pamoja na jeki huwa na kilo 12 hadi 20. Kiti cha nyuma nacho kina kilo 10 hadi 20. Mfumo wa kupoza hewa, yaani kompresa, kondensa, mabomba na kivukizi chake, huzidi kilo 15 katika magari mengi. Na mitaani Eastlands, ambako vijana hupenda muziki wenye kishindo, sanduku la spika ya besi lililoko katika buti linaweza kuwa zito kuliko hita mara mbili au tatu.

Fundi mwenye busara hupima kabla ya kuamua. Wanunuzi wa vyuma vikuukuu mtaani wana mizani, na kifaa kinaweza kupimwa kabla hakijaachwa. Orodha ya kila kilichotolewa, pamoja na uzito wake, humwonyesha mwenye gari ni kipi kilichomfaidi na ni kipi kilichompotezea siku nzima ya kazi.

KAZI ZA HITA AMBAZO HAZIONEKANI

Kazi ya kwanza ni kuondoa ukungu kwenye kioo cha mbele. Pumzi ya binadamu ina mvuke. Kioo kikiwa baridi kuliko hewa iliyomo garini, mvuke huo huganda juu yake na kuwa matone madogo yanayouzuia mwanga. Hewa ya moto na kavu kutoka kwa hita hukipasha kioo joto na kuyakausha matone hayo.

Mwenyeji wa Kayole hukutana na hali hii miezi ya Juni na Julai, wakati wa asubuhi zenye manyunyu, na pia katika mvua za masika. Akipanda kuelekea Limuru au Kinangop huikuta karibu mwaka mzima. Katika mashindano tatizo huzidi: dereva anapumua kwa nguvu akiwa amevaa kofia ngumu, nguo zake zimelowa jasho, pengine ana msaidizi kando yake, na madirisha yamefungwa kuzuia tope. Kioo kinaweza kufunikwa na ukungu muda mfupi tu baada ya kuondoka.

Mfumo wa kupoza hewa nao husaidia, kwa sababu huikausha hewa kabla ya kuipuliza kwenye kioo. Mtu anayeviondoa vyote viwili, hita na kipoza-hewa, amejinyima njia mbili za kuona kwa mara moja.

Kazi ya pili ni kuisaidia rejeta kubwa. Injini ikianza kupata joto kupita kiasi, dereva anaweza kuwasha hita kwa nguvu zote na kufungua madirisha. Hita itatoa kilowati kadhaa za joto, na mara nyingi hilo hutosha kulifikisha gari kwenye mwisho wa mzunguko au kando ya barabara kabla gasketi haijaungua.

Kazi ya tatu ndiyo inayosahauliwa zaidi. Katika injini nyingi njia ya maji ya hita ni sehemu ya mzunguko wenyewe wa kupoza. Injini ikiwa bado baridi, themostati huwa imefunga njia ya kwenda kwenye rejeta kubwa. Maji huendelea kuzunguka ndani ya injini kwa kupitia njia ndogo ya pembeni au kwa kupitia hita. Mzunguko huo ndio unaoleta maji ya moto hadi kwenye themostati, ili ihisi joto na kufunguka kwa wakati ufaao.

Injini za Subaru za jamii ya EJ, ambazo ni maarufu miongoni mwa vijana wa Nairobi, ni mfano mzuri. Themostati yake iko chini, upande ambako maji huingia injini, na maji yanayotoka kwenye hita hurudi karibu nayo. Fundi akiikata mipira ya hita na kuiziba pande zote mbili, themostati huchelewa kupata habari. Sehemu fulani za kichwa cha injini huchemka huku geji kwenye dashibodi ikionyesha kwamba mambo ni shwari.

NAIROBI NA KIWANGO CHA KUCHEMKA

Jambo hili lina uzito zaidi katika nyanda za juu za Kenya kuliko Mombasa. Maji yasiyo na shinikizo huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa huo, na hapa maji huchemka yakifika nyuzi 94 au 95. Limuru, iliyo juu zaidi ya mita 2,000, huchemka yakifika karibu 93.

Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoiokoa injini. Kifuniko kizima chenye shinikizo la takriban 0.9 ya ba huviinua viwango hivyo, na maji ya gari lililoko Nairobi huweza kufika takriban nyuzi 115 kabla ya kuchemka. Lakini kifuniko kilicholegea, mpira uliopasuka au hewa iliyobaki ndani ya mabomba huurudisha mfumo kwenye kiwango cha chini. Ndiyo sababu kazi ya kuondoa hita, inayogusa mfumo mzima wa maji, haipaswi kufanywa kwa haraka.

Kuna mazoea mengine ya gereji zetu ambayo huchanganywa na suala hili, nayo ni ya kuitoa themostati na kuitupa. Injini isiyo na themostati hukawia kupata joto inalolihitaji. Kompyuta yake hudhani kwamba bado ni asubuhi na huendelea kunyunyiza petroli nyingi. Mafuta hutumika kwa wingi na silinda huchakaa mapema. Anayeondoa hita hana sababu ya kuondoa themostati.

MAFUNZO YA SAFARI RALLY

Historia ya mashindano ya magari nchini inafundisha kwamba wepesi ni jambo jema, lakini si sheria pekee. Mashindano ya Safari yalianza mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakipitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Miongoni mwa magari yaliyoshinda mapema ni Volkswagen aina ya kobe, ambalo pia lilishinda mwaka wa 1962. Injini yake ilipozwa kwa hewa. Halikuwa na rejeta ya kutobolewa na mawe, wala mipira ya hita ya kupasuka.

Mwaka wa 1993, kampuni ya Subaru ilileta gari dogo aina ya Vivio lenye injini ya cc 660. Colin McRae wa Scotland, aliyekuwa mmoja wa madereva wake, hakumaliza. Mkenya Patrick Njiru alimaliza katika nafasi ya 12, jambo linalokumbukwa hadi leo kama ushahidi kwamba gari jepesi likiendeshwa kwa uangalifu linaweza kuyastahimili mawe na vumbi.

Hata hivyo, wengi wa washindi wa Safari ya miaka hiyo waliongeza uzito badala ya kuupunguza. Waliweka vyuma vya kuzuia wanyama, taa za ziada, chasisi zilizoimarishwa na bomba refu la kuvuta hewa ili injini isimeze maji mitoni. Gari la Safari lilikuwa zito kuliko la aina ile ile lililotayarishwa kwa barabara za Ulaya, kwa sababu kusudi la kwanza lilikuwa kufika.

Safari iliporejea katika mashindano ya dunia mwaka wa 2021, kituo chake kikiwa Naivasha, somo hilo lilijirudia. Mvua imewahi kuzigeuza sehemu za Sleeping Warrior kuwa tope tupu, ambamo dereva asiyeona hana faida yoyote na wepesi wa gari lake. Magari ya daraja la juu huwekewa vioo vyenye nyaya nyembamba za umeme za kuondoa ukungu.

Kanuni pia hupunguza thamani ya kilo chache. Mwaka wa 2022, magari ya daraja la juu yaliwekewa uzito wa chini wa kilo 1,260. Timu ikishuka chini ya kiwango hicho hulazimika kuongeza chuma. Faida inayobaki ni ya kuchagua mahali pa kukiweka chuma hicho, yaani chini na katikati ya gari, badala ya juu nyuma ya dashibodi.

Kanuni za shirikisho la kimataifa la FIA kwa magari ya Kundi N, yaliyokaribiana sana na yale yanayouzwa madukani, ziliruhusu kuyafunga maji ya hita ili yasimwagike ajali inapotokea, mradi gari liwe na njia ya umeme au nyingine ya kuondoa ukungu. Katika kanuni hiyo tunaiona hoja ambayo ni nzito kuliko ile ya kilo: usalama wa miguu ya dereva.

SABABU NZURI YA KUIONDOA

Hita kuukuu huvuja. Dalili zake ni harufu tamu ndani ya gari, zulia lililolowa upande wa abiria, utando wa mafuta kwenye kioo na maji ya rejeta yanayopungua bila kuonekana yanakokwenda. Rejeta hiyo ikipasuka gari likiwa katika mwendo, maji yenye joto la zaidi ya nyuzi 90 huweza kumwagikia miguu ya dereva, na mvuke kuufunika uso wake.

Katika gari la mashindano pekee, lenye fremu ya chuma ya kumkinga dereva na lisiloendeshwa barabarani, hiyo ni sababu ya kutosha ya kuyaondoa maji ya moto katika chumba cha dereva. Nayo magari ya bagi yanayoshindana katika viwanja vya vumbi hayana vioo kabisa, na kwa hayo swali la ukungu halizuki.

Lakini kwa gari linaloendeshwa barabarani, hita inayovuja hubadilishwa. Fundi anayeikata mipira na kuiunganisha nje ameuponya uvujaji tu. Uzito wote umebaki palepale, na kioo kimekosa mlinzi.

JINSI YA KUIONDOA

Kazi hii huanza injini ikiwa baridi kabisa. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa na moto, kwa kuwa maji yaliyo chini ya shinikizo huruka na kuunguza uso na mikono.

Maji hukingwa katika beseni, wala hayaachwi yatiririke kwenye mtaro. Dawa ya rejeta yenye glaikoli ni tamu na ni sumu. Mbwa, mbuzi na watoto wanaweza kuvutiwa nayo. Katika mitaa ambayo watoto huchezea karibu na gereji, kama ilivyo Kayole, tahadhari hii si ya kupuuzwa.

Betri hutenganishwa, na gari lenye mifuko ya hewa huachwa kwa angalau dakika kumi kabla ya dashibodi kuguswa. Mfuko wa hewa unaolipuka mikononi mwa fundi huweza kumjeruhi vibaya. Kama kipoza-hewa nacho kinatolewa, gesi yake hunyonywa kwa mashine na mtu mwenye vifaa, haiachiliwi hewani. Gesi ya R134a inayotumika katika magari mengi huchangia ongezeko la joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ya ukaa ya uzito huo huo.

Mipira miwili hufunguliwa upande wa injini. Hapa fundi huchunguza kama kuna mipira midogo iliyogawiwa kutoka kwenye hiyo mikubwa. Magari mengine hupeleka maji hayo kwenye vali ya silensa au sehemu nyingine inayohitaji joto, na njia hizo zikikatwa injini hukataa kutulia.

Kisha dashibodi hutolewa. Hii ndiyo sehemu inayochukua muda mrefu, na mara nyingi humaliza siku nzima. Kila skrubu na kila plagi ya waya huwekewa alama. Sanduku la hita hufunguliwa na kutolewa likiwa zima, na rejeta yake huinuliwa ikiwa imezibwa midomo ili maji yaliyobaki yasimwagikie nyaya.

Kinachofuata ndicho kiini cha kazi nzima. Mahali ambapo hita ilikuwa, bomba linalotoka injini na lile linalorudi huunganishwa kwa mpira mmoja, wa aina ya kustahimili maji ya moto, ukibanwa kwa klipu za chuma. Mzunguko hubaki hai. Kuyaziba mabomba hayo kunafaa tu kwa injini ambayo kitabu chake kinathibitisha kwamba ina njia yake ya pembeni isiyoitegemea hita.

Kuna jambo dogo la kuzingatia hapa. Rejeta ya hita ilikuwa na vijia vyembamba vilivyoyapunguza maji kasi. Mpira mtupu hauna kizuizi, na maji mengi huweza kupita njia hiyo ya mkato bila kufika kwenye rejeta kubwa. Mafundi wa magari ya mashindano huweka ndani ya mpira kipande cha bomba chenye tundu dogo ili kuufanya upinzani ukaribiane na ule wa hita.

Matundu yaliyobaki kwenye ukuta wa chuma huzibwa kwa bamba la chuma au alumini lililofungwa kwa ribiti na kupakwa dawa ya kuziba isiyoshika moto. Plastiki, sponji na mkanda wa gundi havifai. Ukuta huo ndio unaomtenga dereva na moto endapo injini itaungua.

Nyaya za feni hutolewa hadi kwenye sanduku la fyuzi, au miisho yake hufunikwa vizuri na fyuzi yake kuondolewa. Waya wenye umeme ulioachwa ukining'inia nyuma ya dashibodi ni chanzo cha moto.

Mwisho, maji hurudishwa pole pole. Kwa kuwa hita huwa sehemu ya juu katika mfumo wa magari mengi, kuiondoa hubadilisha mahali ambapo hewa hujificha. Pua ya gari huinuliwa, injini huwashwa kifuniko kikiwa wazi, na maji huongezwa kadiri mapovu yanavyotoka. Kifuniko hufungwa, na injini huachwa ikinguruma mpaka feni kubwa iwake na kuzima mara mbili. Ikishapoa, kiwango cha maji hukaguliwa tena, na hivyo hivyo baada ya mwendo wa kwanza.

Maji yenyewe yasiwe ya kisima chenye chumvi, ambayo huacha utando ndani ya injini na kuila alumini. Dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi ndiyo bora kwa gari la barabarani. Viwanja vingi vya lami katika nchi za nje hukataza glaikoli kwa kuwa ikimwagika huteleza, na huko hutumiwa maji pamoja na dawa ya kuzuia kutu.

NI NINI KITAONDOA UKUNGU?

Anayeondoa hita anapaswa kuwa na jibu la swali hili kabla ya kugusa skrubu ya kwanza. Kioo chenye nyaya za umeme ndicho bora, ila ni ghali na hakipatikani kwa kila aina ya gari. Feni ndogo za umeme wa volti 12 zenye waya wa joto huuzwa kwa bei nafuu, lakini nyingi hutoa wati 150 hadi 300 tu, kiasi ambacho ni kidogo sana kikilinganishwa na kilowati kadhaa za hita.

Dawa ya kupaka kwenye kioo hupunguza ukungu kwa muda. Tundu la kuingizia hewa kwenye paa husaidia gari likiwa katika mwendo, si likisimama. Wapo wanaoacha feni ya awali na njia za hewa za kioo, wakaondoa rejeta, mipira na maji pekee. Njia hii huokoa kilo chache na bado hewa ya nje hupulizwa kwenye kioo. Kwa hali ya hewa ya Nairobi, ndiyo njia ya kati inayofaa magari mengi.

SHERIA, BIMA NA MAUZO

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hudai gari linaloendeshwa barabarani liwe katika hali isiyohatarisha maisha ya watu. Dereva anayeendesha akiwa hauoni mbele kwa sababu ya ukungu hawezi kujitetea kwamba Jumapili alikuwa na mashindano. Aidha, ni vyema kuiarifu kampuni ya bima kuhusu mabadiliko yoyote makubwa, ili fidia isije ikakataliwa.

Thamani ya gari nayo huathirika. Mnunuzi kutoka Limuru, Nyahururu au Molo atauliza habari za hita kabla ya kuuliza za redio. Rejeta ya shaba au alumini huwashawishi wengi kuiuza kwa kilo siku hiyo hiyo iliyotolewa. Ni afadhali ifungwe pamoja na skrubu zake, iwekewe alama na kuhifadhiwa. Atakayelazimika kutafuta nyingine katika maduka ya Barabara ya Kirinyaga atalipia kifaa, na kisha atamlipa fundi siku nyingine nzima ya kuing'oa dashibodi.

MPANGILIO UFAAO

Kwa mwenye gari la Kayole linalofanya kazi mbili, ya barabarani na ya mashindano, mpangilio huu ndio unaofaa. Kwanza, petroli ya ziada, tairi la akiba, jeki, spika na mizigo ya buti, ambavyo hutoka asubuhi ya mashindano na kurudi jioni. Pili, viti vya nyuma na mazulia. Tatu, mfumo wa kupoza hewa, kama mwenyewe ameridhika kuukosa. Fedha zinazobaki zitumike kwa matairi, breki na mafunzo ya dereva, ambavyo huokoa sekunde nyingi kuliko kilo 7.

Hita huja baada ya hayo yote, na ni kwa gari ambalo limeshaaga barabara ya umma na linabebwa kwa lori hadi uwanjani. Gari hilo likishafika hapo, maji ya moto hayana haja ya kuwa karibu na miguu ya dereva, na hita inaweza kuondolewa kwa utaratibu ulioelezwa.